Niliyoyaona Unguja na Mombasa Nikiwa Nimejifunika

Niliondoka nyumbani kwa sababu moja: nilitaka kuona kwa macho yangu mahali nilipoonyeshwa kwenye ramani nikiwa darasani. Nilisoma mpaka darasa la kumi, kisha nikatolewa kuolewa, na tangu hapo mji mkubwa niliouona ni Mbeya tu, ambao sisi wa Uyole huuendea kwa miguu na kapu la viazi kichwani. Kwa hiyo Wakristo wa Unguja na Mombasa walipoialika kwaya yetu ikawaimbie na kutazama miji yao ya kale, sikuuliza njia ina urefu gani. Mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Nisipoanzisha, wenzangu hubaki wanatazamana.

Mtoto wangu Ambakisye alikuwa amekwisha kuacha ziwa. Mama yangu alipanda kutoka Tukuyu kuja kumtunza. Mume wangu, karani wa boma, alikubali bila maneno mengi. Kila kitu kilikuwa tayari, ndipo mzee wa kanisa aliyechaguliwa kutuongoza akavimba mguu, na mchungaji akamtaja mwingine wa kushika nafasi yake. Aliyetajwa ni baba mkwe wangu.

Msomaji asiye Mnyakyusa huenda asione tatizo liko wapi. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe, wala yeye hamtazami. Hawasemezani. Akipita njiani, mwanamke anaingia majanini, anachuchumaa, anajifunika nguo mpaka apite. Jina lake halitaji. Inasemekana ukivunja, utaugua wewe au ataugua mtoto wako. Wakristo wengi siku hizi wamelegeza, wengine wanasalimiana kwa mbali. Baba mkwe wangu ni Mkristo tangu utotoni, anasoma somo kanisani kila Jumapili, na hajalegeza hata uzi. Nilikuwa nimeishi katika ua wake miaka kadhaa, na sura yake sikuijua. Niliijua sauti yake tu, kwa sababu anaimba besi, na besi yake inasikika mpaka nje ya kanisa.

Nilimwendea mume wangu.

"Nenda ukamwambie baba yako aache mwingine aongoze."

"Mimi nimwambie baba hivyo?"

"Sasa nani? Mimi siruhusiwi hata kukohoa mbele yake."

"Basi mtajuana huko huko," alisema, akachukua kofia yake akaenda kazini.

Nilipanda lori nikiwa na hasira, na nasema tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya safari hii niliifanya nikiwa na hasira. Msomaji asidhani nimeiongeza baadaye.

MBEYA MPAKA IRINGA. Tulitoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya Uyole. Lori lilikuwa la misheni. Baba mkwe alikaa mbele na dereva, nasi nyuma na magunia ya chakula, kwa hiyo wakati gari likienda nilikuwa huru kama wengine. Niliiona nchi ya Usangu ikienea kushoto kwetu, tambarare na kavu, na ng'ombe wadogo kama punje. Tabu ilikuwa gari likisimama. Mlango wa mbele ulipofunguka tu, Mwalimu Lusekelo, aliyetufundisha nyimbo, aligonga ubao wa lori mara mbili. Hiyo ilikuwa ishara yangu. Mimi nilijifunika khanga nikainama kati ya magunia, na wenzangu waliteremka, wakajinyoosha, wakanunua ndizi, wakaenda porini na kurudi. Baba mkwe alipokwisha kupanda tena, Mwalimu aligonga mara moja. Hapo ndipo mimi nilipopata ruhusa ya kwenda porini, mbio, gari likiunguruma kuniita.

Iringa tulifika tumekuwa wekundu kwa vumbi. Mji uko juu ya kilima, na upepo wake unakata masikio. Wenyeji wetu, Walutheri wa pale, walitupokea kwa "Kamwene, kamwene," na kila mmoja alitaka kushika mkono wa kila mmoja. Hapo tuliungana na waimbaji watano wa upande wao. Mmoja alikuwa Bertha, mwanamke wa Igowole, mwenye kucheka haraka, na tangu siku ile tulikuwa tukilala mkeka mmoja.

Jioni ile ile tuliimba kanisani kwao. Mwalimu alinipanga nyuma kabisa, nyuma ya wanaume warefu, baba mkwe akiwa mwisho wa mstari wa mbele. Nilipoanzisha wimbo, niliona kwa kati ya mabega watu wakigeuza shingo kutafuta sauti inatoka wapi. Mama mmoja alitazama juu darini.

Baada ya ibada chakula kiliandaliwa kwenye meza moja ndefu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuketi. Baba mkwe alifika mlangoni, akaona au akaambiwa, akarudi nje akasimama kwenye baridi. Wenyeji walipigwa na bumbuwazi. Mwalimu Lusekelo alinijia na uso wa mtu aliyetumwa.

"Mama Ambakisye, mzee anasema hivi haiwezekani. Kesho kuna lori linarudi Mbeya. Anasema urudi nalo."

"Na nyimbo?"

"Anasema ataanzisha Bertha."

Bertha alikuwa ameshika mfupa wa kuku. "Mimi? Mimi sauti yangu ni ya kuita mbwa. Asinitaje."

"Mwambie sirudi," nilisema. "Akitaka mmoja wetu arudi, lori lina nafasi ya mzee pia."

Mwalimu alikwenda nje. Alikaa huko muda mrefu kuliko urefu wa maneno yangu, kwa hiyo najua aliyapunguza makali. Aliporudi alileta masharti: nisafiri, lakini popote alipo mzee niwe nimejifunika kuanzia kichwani, nisile chumba alimo, nikae nyuma, nitembee nyuma, niimbe nyuma. Kama akikuta uso wangu wazi hata mara moja, nitarudishwa kutoka hapo tulipo, iwe bandarini au wapi.

Nilikubali, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kurudi kupalilia viazi huku wenzangu wakienda Unguja. Nilichukua sahani yangu nikaenda kula na wapishi.

Bertha alinifuata na mfupa wake. "Nyie Wanyakyusa mna shughuli kubwa," alisema. "Kwetu anayekimbia ni mwanaume. Anamkimbia mama mkwe. Ukimwona mwanaume mzima ametumbukia mtaroni na baiskeli yake, ujue mama wa mkewe anapita."

"Na nyie mnacheka?"

"Tunacheka sana. Mwanaume mtaroni anachekesha. Wewe hapo hunichekeshi."

IRINGA MPAKA PWANI. Basi lilituchukua alfajiri. Ilula tulisimama, na wanawake wa pale waliinua makapu ya nyanya mpaka madirishani. Bertha alininunulia, akanipitishia chini ya khanga, nikala nyanya yangu gizani. Kisha tuliteremka Kitonga, ambako barabara inajikunja ukutani mwa mlima na chini kuna miti inayoonekana kama mboga. Katika basi baba mkwe alikaa mbele kabisa na mimi nyuma kabisa, nikiwa nimeambiwa nitazame nyuma. Wengine waliona tunakokwenda. Mimi niliona tulikotoka, kona baada ya kona, mpaka tumbo likakataa nyanya.

Morogoro tulipanda gari moshi. Dar es Salaam sikuielewa, kwa kuwa tulivuka mji tukiwa tumepangwa mstari na mimi mwisho wa mstari nikifuata visigino vya Bertha. Naweza kuvieleza visigino hivyo kuliko mji. Kisha meli, deki, na bahari ambayo kila mtu wa kwetu aliitapikia bila kujali cheo. Nilimsikia baba mkwe akitapika upande wa pili wa mapipa. Sikumhurumia. Nilikuwa na kwangu.

UNGUJA. Mji ule umejengwa kana kwamba watu waliogopa nafasi itakwisha. Nyumba za mawe zimekaribiana hata mtu aliye ghorofani anaweza kumpa jirani chumvi dirishani. Njia zinapinda bila sababu. Kwa mtu anayemkimbia mwenzake, hakuna mji mbaya kuliko huo, maana hakuna majani ya kuingia. Mara nyingi nilijibandika mlangoni mwa nyumba ya watu. Kwa njia hiyo nimeijua milango ya Unguja kwa karibu kuliko wenzangu wote. Imechongwa maua na minyororo na mawimbi, na misumari ya shaba imetokeza kama ngumi. Mmoja ulifunguka nikiwa nimeuegemea, nikaangukia ukumbini mwa mzee wa Kiarabu aliyekuwa akinywa kahawa. Alinitazama, akatazama nje akaona kwaya ikipita, akanisogezea kikombe. Nilikunywa, nikashukuru, nikatoka.

Nilikaribishwa kwa Bi Agnes, mjane wa mwalimu, mtu wa Mbweni, ambaye babu na bibi zake waliletwa Unguja kama watumwa na kuachiwa huru hapo. Alikuwa mama mfupi, mwenye Kiswahili safi kilichonifanya nione haya changu. Siku ya kwanza alinitazama nikijifunika na kujifunua, akavumilia. Siku ya pili aliuliza.

"Mwanangu, huyo mzee amekufanyia kitu?"

"Hapana, Bi. Ni baba mkwe."

"Baba mkwe ndiyo. Amekufanyia nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Na kwa nini unayejificha ni wewe?"

"Ndiyo desturi. Na yeye hanitazami pia."

"Nimesikia hakutazami. Lakini jana nimemwona anatembea katikati ya njia na mwavuli wake. Wewe nimekukuta nyuma ya pipa la taka la muuza samaki. Ndiyo maana nauliza."

Nilikasirika, na kwanza nilimkasirikia yeye.

Siku iliyofuata tulipelekwa Mkunazini, penye kanisa kubwa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Tuliimba humo. Mimi nilisimama nyuma ya nguzo, na nguzo hiyo ni nene. Baadaye waliotaka walionyeshwa vyumba vya chini ya nyumba ya jirani, ambamo inasemwa watu waliwekwa wakingoja kuuzwa. Baba mkwe alikuwa bado kanisani akizungumza na padri, kwa hiyo mimi na Bertha tuliteremka haraka tuvione kabla hajafika. Dari ni ya chini, unatembea umeinama. Kuna vibaraza vya mawe pande mbili, na katikati mfereji. Vitundu vya hewa ni vidogo, mtoto hapiti. Bertha hakucheka humo.

Tulisikia hatua kwenye ngazi, na sauti ya mtu anayetuongoza, kisha sauti ya besi. Mlango ni ule mmoja. Nilijifunika nikageukia ukuta, pua ikigusa jiwe. Bertha alisimama kati yetu.

Nilidhani atarudi juu. Hakurudi. Labda hakujua ni mimi, labda alijua na hakujali kwa mara hiyo. Nilimsikia anapumua. Kisha alimwambia kiongozi, kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Dada mkubwa wa mama yangu alichukuliwa kule kwetu, upande wa ziwani. Alikwenda kuteka maji. Mama alikuwa amejificha kwenye matete, akamwona anafungwa. Alikuwa akitusimulia mpaka anakufa."

"Aliletwa hapa?" kiongozi aliuliza.

"Sijui. Hakuna anayejua. Nimekuja kutazama tu kama pangekuwa hapa."

Mimi nilitazama jiwe. Ni jiwe la matumbawe, lina vitundu vingi, na katika kitundu kimoja palikuwa na chungu mdogo mwekundu anahangaika. Kisha hatua zikapanda ngazi. Bertha alinigusa bega, nikageuka, na mahali mzee alipokuwa amesimama palikuwa patupu.

Nilielewa basi kwa nini mzee wa umri ule, mwenye kutapika baharini, alikubali kuongoza kwaya. Nilielewa, na bado nilikuwa na hasira. Yeye alikuja kutazama, akatazama. Mimi nilikuja kutazama, nikaona chungu.

MOMBASA. Tulivuka kwa meli tena. Wakati huo Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau, na bandarini pasi zetu zilikaguliwa na askari wenye bunduki wasiotabasamu. Mji wa kale wa Mombasa unafanana na Unguja kama ndugu, ila una kelele zaidi. Juu yake, ukingoni mwa maji, ipo ngome iliyojengwa na Wareno, kuta zake rangi ya udongo uliookwa, nene kupita nyumba. Nilipokuwa shule mwalimu wetu aliichora ubaoni kwa chaki, na mimi niliinakili. Hii ndiyo niliyotaka kuiona kuliko vyote.

Lakini ngome ilikuwa jela. Mgeni haingii kuitalii. Wenyeji wetu wa kanisa walisema njia ni moja: padri anayewahudumia wafungwa anataka kwaya ya kuwaimbia Jumapili. Mwalimu Lusekelo alikubali mara moja, na mimi nilishukuru.

Kwa hiyo Jumapili tulipita lango lile, mstari mmoja, mimi mwisho, nimejifunika khanga mbili kwa sababu mwanga ni mkali na moja inaonyesha. Nilikuwa nimejiachia upenyo mdogo wa macho. Tuliingia uani. Wafungwa walikuwa wamekalishwa chini kwa safu, wamevaa nguo zao za jela. Wengi walikuwa watu wa pwani wa makosa ya kawaida. Mbele, peke yao, kulikuwa na safu ya watu wa bara, Wakikuyu, waliokuwa wakingoja kupelekwa kwingine. Ndivyo padri alivyotuambia.

Waimbaji walipita mbele yao, nao waliwatazama kama mtu anavyotazama kitu kipya. Kisha nilipita mimi.

Sikuelewa nilichokiona. Safu ile ya mbele iliinamisha vichwa yote kwa pamoja. Mmoja aliweka mikono usoni. Mwingine alijiburuta akageukia ukuta, na wa pembeni yake akafanya vivyo hivyo, na wengine, mpaka safu nzima ilikuwa migongo mitupu. Askari walianza kupiga kelele wageuke, na hakuna aliyegeuka.

Sajini wa jela, mtu mnene wa pwani, alikuja kwetu kwa haraka.

"Nani huyu aliyefunikwa?"

"Ni mwimbaji wetu," alisema Mwalimu Lusekelo.

"Mwimbaji anafunikwa kwa nini?"

"Ni mkwe wake."

"Mkwe wa nani?"

"Wa huyu mzee. Anamkimbia."

Sajini alimtazama mzee, akanitazama mimi. "Mmetoka Tanganyika pamoja, mpaka humu ndani, mnakimbiana?"

"Ni desturi, afande."

"Desturi yenu itaniletea fujo jela kwangu. Mnajua hawa wanafikiri nini?" Akapunguza sauti. "Huko kwao watu hupangwa mstari, kisha analetwa mtu amevikwa gunia kichwani, limetobolewa macho tu. Anapita mbele yao. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Hujui ni nani, labda jirani yako. Sasa nyinyi mnaniletea huyu na matundu yake, anapita mbele yao taratibu. Hawa wanaona amekuja kuwachagua."



Mwalimu Lusekelo alimtazama baba mkwe. Nikaona, kwa upenyo wangu, kwamba kwaya nzima imegeuka kumtazama baba mkwe, hata Bertha. Walingoja aseme. Kama angesema nitoke nje, ningetolewa nje, na wale watu wangebaki wanaamini kwamba wamekwisha kuchaguliwa. Kama angesema nijifunue, ningejifunua kwa ruhusa yake. Kama angenyamaza, na alikuwa akinyamaza, tungesimama pale mpaka jua lizame. Sharti lilikuwa wazi: uso wazi mara moja, narudishwa. Na niliwaza kitu cha pili, ambacho sikukitegemea kwa mtu aliyefika darasa la kumi: niliwaza mtoto wangu akiugua homa huko Uyole.

Sikungoja. Nilivua ya juu, nikavua ya chini, nikazikunja, nikazishika mkononi. Nikatembea kutoka nyuma mpaka mbele ya ile safu, mahali wanapoweza kuniona wakitaka.

"Mimi ni mama wa mtoto mmoja," niliwaambia ile migongo. "Natoka Mbeya. Nimekuja kuimba. Simjui hata mmoja wenu."

Hakuna aliyegeuka. Nikaanzisha wimbo.

Nilianzisha peke yangu, na mstari wa kwanza ulipita bila mtu kunifuata. Mstari wa pili niliwasikia wanawake, Bertha akiwa juu kuliko inavyotakiwa. Wanaume wakaingia. Besi haikuingia. Wimbo ule bila besi ni kama nyumba isiyo na sakafu, na nilijua kwamba nikigeuka kumtafuta nitamwona, naye ataniona. Niligeuka.

Nilimwona mgongo. Baba mkwe alikuwa ameondoka kwenye mstari wetu, amekwenda mpaka ukutani, na amesimama ameutazama, pamoja na wale wafungwa, mwavuli ukining'inia kwenye mkono. Mfungwa mmoja mtu mzima, aliyekuwa karibu naye, alimtazama kwa jicho la pembeni, kisha akasogea kidogo kumpisha nafasi. Ndipo besi ikaingia. Ilirudi kutoka kwenye jiwe la Wareno kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia kanisani kwetu.

Wafungwa waligeuka mmoja mmoja. Sikuwaangalia kwa muda mrefu, maana walikuwa wametosheka kutazamwa. Niliitazama ngome. Kuta ni za juu sana, zimeota nyasi kwenye nyufa, na mahali fulani chokaa imebanduka, chini yake inaonekana rangi nyekundu ya zamani. Juu ya ukuta kulikuwa na kunguru wengi. Mwalimu wangu hakuwachora.

Baba mkwe aliimba nyimbo zote akiutazama ukuta. Tulipomaliza, alibaki hapo hapo mpaka Mwalimu Lusekelo alipokwenda kumnong'oneza kwamba nimekwisha kupita lango.

Jioni Mwalimu alinijia tena na uso wake wa mtu aliyetumwa.

"Mzee anasema usijifunike tena mpaka tutoke nchi hii."

"Mwambie sikuomba ruhusa."

Mwalimu alifikiri. "Hilo sitampelekea," alisema, akaenda zake.

Siku zilizobaki Mombasa nilitembea uso wazi. Baba mkwe alitangulia mbele ya kila mtu na hakugeuka nyuma hata aliposalimiwa na watu wa nyuma. Nilitazama nilichotaka: maduka ya viungo, madirisha ya mbao, watoto wanaoruka majini kutoka mawe ya chini ya ngome. Nilinunua halua nikaila mchana kweupe.

KURUDI. Tulipovuka kuingia Tanganyika nilizitoa khanga mkobani, nikazitazama, nikazirudisha. Hakuna aliyeniambia kitu. Katika basi, kupanda Kitonga, kiti cha mbele kabisa kilikuwa cha mzee kama kawaida, na mimi nilikaa popote palipokuwa wazi na kutazama tunakokwenda. Iringa tuliimba tena kanisani. Nilisimama mbele. Baba mkwe alisimama nyuma, amegeukia ukuta, na mchungaji wa pale, mtu mpole, alimwendea baadaye kumuuliza kama anaumwa.

"Hapana," nilimsikia akijibu. "Nilikuwa naitazama saa yenu. Inachelewa."

Bertha alicheka mpaka akatoka nje. Tuliagana naye pale. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Sasa yuko mtaroni na baiskeli yake."

Nyumbani nilimkuta mtoto mzima, amenenepa kwa ndizi za mama yangu. Hakuwa ameugua hata mafua. Nilimwuliza mama mara nyingi mpaka akachoka.

Mama mkwe wangu alikuja kutazama nimerudije. Tulikaa jikoni, nikamwambia yote, nikingoja anikaripie. Alisikiliza mpaka kwenye ule ukuta.

"Aligeuka yeye?"

"Aligeuka, mama."

"Yeye mwenyewe, bila kusukumwa?"

"Ndiyo."

Alisogeza kuni ambazo hazikuhitaji kusogezwa. "Mimi baba yake nilimkimbia mpaka nikaingia kwenye upupu, nina mtungi wa maji kichwani," alisema. "Niliwashwa mpaka nikaugua. Mzee akapita, hakujua hata kuna mtu." Kisha aliondoka bila kuaga, na sijui alimwambia nini mumewe, maana siwezi kuuliza.

Nilichojifunza ni kifupi. Nilidhani desturi yetu inasema mwanamke ajifiche. Kumbe inasema watu wawili wasitazamane, na kazi yote tukaachiwa sisi. Miji ya kale ni mizuri, na anayeweza kwenda aende. Lakini hili ningeweza kuambiwa Uyole, kama kungekuwa na mtu wa kuniambia, na sikuambiwa.

Wiki ile ile nilikuwa natoka kisimani na mke wa shemeji yangu, msichana aliyeolewa karibuni. Baba mkwe akatokea kwenye kona ya njia, mwavuli mkononi. Msichana alikwisha kuingia majanini na kuchuchumaa kabla sijaweka mguu chini. Mimi nilibaki njiani na ndoo yangu. Mzee alisimama. Nilitazama chini, kwa kuwa sina haja ya kumtia mtu aibu, nikangoja. Nilisikia viatu vyake vinasugua udongo, vinageukia upande wa migomba.

"Simama," nilimwambia msichana. "Amegeuka."

Alisimama, ingawa mguu mmoja aliuacha majanini.